Maji Matamu ya Isengwa

Bomba la maji lilipotoboka katika bwawa la Isengwa, mtu wa kwanza kukamatwa alikuwa Anton Limbu, kwa sababu alikuwa amelowa.

Mgambo wawili walimkuta akipanda kutoka majini, wavu begani, suruali imemganda mapajani, na mkononi ameshika perege aliowatunga kwenye ukambaa. Hawakuuliza kitu. Walikuwa wameagizwa wamtafute mhujumu wa bomba, na mtu anayehujumu bomba lililo chini ya maji hawezi kuwa mkavu. Wakamwongoza mpaka ofisi ya kijiji. Anton aliwafuata. Mwaka uliopita alikuwa amehamishwa kwa lori pamoja na mkewe na vyungu vyao, nyumba yake ya zamani ikabaki nyuma bila paa, na tangu siku hiyo hakuwa amebishana na mtu yeyote mwenye fimbo au karatasi.

Bomba lenyewe lilikuwa fahari ya kijiji. Mdomo wake ulikuwa katikati ya bwawa, kwenye kina. Kutoka hapo lilitambaa chini ya maji, likapita kwenye kivuko cha maji mafupi, likatokea ufukweni penye mashine ya kusukuma, kisha likapanda hadi kwenye tangi na mabomba ya kuchotea. Wanakijiji walikuwa wamebeba mawe kichwani na kulikandamizia lisielee. Mpaka siku hiyo lilikuwa halijampa mtu hata ndoo moja, ila lilikwisha kutoa hotuba nyingi. Mgeni rasmi kutoka Mkoani alitazamiwa kuja kulifungua siku si nyingi.

Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Justus, alikuwa amekaa nyuma ya meza amevaa suti ya Chuenlai iliyofungwa mpaka kidevuni, jasho likimchuruzika.

"Anton Limbu, unakiri?"

"Nakiri nini, Mwenyekiti?"

"Ndugu Mwenyekiti."

"Nakiri nini, Ndugu Mwenyekiti?"

"Mmesikia? Hatujaanza hata kumhoji, ameshatamka 'nakiri' mara mbili. Katibu, andika."

Katibu akaanza kutafuta wino.

"Ulikuwa unafanya nini kwenye bomba?"

"Nilikuwa navua. Samaki wako pale penye mawe. Tangu tuyaweke wamehamia pale, wanajificha na kuzaliana."

"Bila kibali?"

"Mimi au samaki?" Anton aliuliza kwa dhati, akitaka kuelewa. Mgambo mmoja akacheka, akatazamwa, akaacha.

Wakamweka ndani ya stoo ya mbolea. Mchana mkewe, Benedikta, alifika na uji kwenye kibuyu na mtoto wao Imakulata mgongoni. Akaambiwa asubiri nje, Ndugu Mwenyekiti ana kazi. Akasubiri juani, akimfunika mtoto kwa ncha ya kanga. Mlango ulipofunguliwa aliona kazi yenyewe: sahani, donge la ugali, na miiba ya samaki iliyopangwa vizuri pembeni.

"Hao ni samaki wa mume wangu," alisema.

"Hivi ni vidhibiti," Ndugu Justus alimjibu, akinyonya kidole. "Vimekwisha kaguliwa."

*

Fundi wa maji aliletwa kutoka Tabora siku ya pili yake. Jina lake Yahaya, mwenyeji wa mtaa wa Cheyo, mwenye kofia ya vito na maneno ya mjini. Alishuka garini, akaamkia wazee shikamoo mmoja baada ya mwingine, kisha akaitazama ile barabara ya vumbi iliyofuata mkondo wa njia ya misafara ya zamani.

"Babu yangu alipita hapa amebeba pembe za watu," alisema. "Mimi napita nimebeba koki za watu. Ukoo wetu haujawahi kupita hapa na mzigo wake mwenyewe."

Watu wakacheka. Yahaya akavua shati, akaingia kivukoni, maji yakamfika kiunoni. Akapapasa, akazama, akaibuka na tope kwenye nyusi.

"Hapa pamekanyagwa," alisema. "Mawe yametawanywa, na kwenye tope zimejaa kwato. Ni ng'ombe hawa, si mtu."

Umati wote ukageuka kutazama mawingu, ingawa hayakuwapo. Kila mtu Isengwa aliwajua ng'ombe waliovushwa pale. Siku ya takwimu walikuwa mali ya kijiji, siku ya kukamuliwa walikuwa mali ya Ndugu Justus.

"Kwato za ng'ombe gani?" Ndugu Justus aliuliza, akiwatazama watu badala ya fundi.

Anton, aliyetolewa stoo ili abebe mawe, aliinama akainua jiwe ambalo halikuhitajika.

"Mimi sisomi kwato majina," Yahaya alisema. "Zibeni kivuko kwa miba, ng'ombe wanyweshwe upande wa pili. Mawe yarudishwe, na mengine yaongezwe. Na hao samaki waacheni walivyo. Wanakula majani na uchafu unaoota kwenye chujio la mdomo wa bomba, wanawasaidia kazi."

Akaziba tobo, akanywa uji aliopewa, akaondoka na gari lililomleta.

*

Jioni kukawa na mkutano wa hadhara. Ndugu Justus alisimama juu ya kreti la soda.

"Ndugu wananchi, fundi ametusaidia kiufundi. Sasa tuliangalie suala hili kisiasa. Bomba liko wapi? Majini. Nani anaishi majini? Samaki. Samaki wamejazana kwenye bomba letu. Mvuvi anawafuata samaki, wavu wa mvuvi unalikwaruza bomba. Kwa hiyo chanzo ni nini?"

"Samaki!" wakaitikia waliokaa mbele.

"Na ng'ombe je?" sauti ya Benedikta ilitoka nyuma.

"Ng'ombe hawamo kwenye ajenda." Akajifuta jasho. "Sisi sote tulihamishwa kwa faida yetu. Tuliacha mashamba, tuliacha makaburi ya wazee, tukaja tukapangwa kwa mistari. Samaki ni nani hata akae anapotaka?"

Watu walipiga makofi. Baadhi walipiga kwa kuwa waliona kuna haki fulani katika neno hilo, wengine kwa kuwa mgambo walikuwa wamesimama pembeni. Azimio likapitishwa kwamba bwawa lisafishwe samaki wote kabla mgeni hajafika, na njia iwe utupa, yale majani yanayotwangwa na kumwagwa majini yakamlewesha samaki mpaka akafa.

Benedikta alisimama. "Ndugu Mwenyekiti, maji hayo ndiyo tutakayokunywa."

"Utupa hauui mtu."

"Hauui mtu, sawa. Samaki atakayefia chini ya mawe nani atamtoa?"

"Mama Imakulata, usilete siasa kwenye mambo ya maendeleo."

Mkutano ulipovunjika, Ndugu Justus alimwita Anton kando, akamshika bega kama ndugu wa damu. Akamwambia kijiji hakina kinyongo. Anton anajua bwawa kuliko mtu yeyote, basi autwange utupa na kuumwaga yeye mwenyewe, naye ataandikwa kuwa mhujumu aliyejirekebisha. Asipotaka, gari la mgeni lina nafasi nyuma, na mahabusu ya wilaya ina nafasi pia.

Nyumbani Benedikta alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka.

"Baba Imakulata, utaifanya kazi hiyo?"

"Nikikataa watanipeleka."

"Hilo najua."

"Sasa unauliza nini?"

"Nauliza kama utaifanya. Sijauliza kwa nini."

Anton alikaa kwenye kigoda, akatazama moto. Alitaka kumwambia kwamba anaogopa, kwamba siku ile ya lori alijiona mdogo mbele yake na hakuwahi kukua tena. Badala yake akaonja mboga, akasema chumvi imezidi, na haikuwa imezidi.

Asubuhi Benedikta alikibeba kinu chake, akakipeleka nyumba ya jirani.

"Hiki ni cha chakula," alisema. "Huo utupa wao katwangie ofisini."

*

Anton aliutwanga utupa kwenye pipa la ofisi. Aliumwaga kuanzia kwenye kina, akizunguka juu ya mtumbwi, na nusu ya kijiji imejipanga ufukweni na vikapu. Haikuchukua muda. Samaki walianza kupanda juu, wakazunguka kama walevi wa gongo, wakalala ubavu. Watu wakaingia majini wakipiga vigelegele. Ndugu Justus alisimamia mgao, wakubwa kwa ofisi, wa kati kwa mabalozi wa nyumba kumi, wadogo kwa wananchi, akatangaza kwamba haya ndiyo matunda ya kufanya kazi kwa pamoja.

Anton alikuwa bado kwenye mtumbwi. Perege jike hubeba watoto wake mdomoni, na hatari ikija huwafungia humo mpaka ipite. Anton alilijua jambo hilo tangu utotoni, na akivua jike wa namna hiyo humrudisha. Sasa aliwaona wakielea kando ya mtumbwi, midomo ikilegea, na vitoto vyembamba kama uzi vikimwagika nje, vikicheza kidogo kwenye maji, kisha vikitulia. Akaingiza mkono akavikinga kwenye kiganja. Havikuwa na uzito wowote.

"Anton!" walimwita kutoka ufukweni. "Sukuma hao huku!"

Akawasukuma kwa kasia.

Siku hiyo Isengwa yote ilinuka samaki wa kukaanga. Kwa Benedikta palipikwa mlenda. Anton hakula hata huo.

Waliokufa wakielea waliliwa. Ila waliokimbilia mawe, kambale na perege wakubwa, walifia humo humo ndani, kando ya bomba na mdomoni mwake, na hakuna aliyewaona. Baada ya siku tatu upepo uligeuka. Akina mama waliokwenda kuchota walirudi na ndoo tupu, kanga zimewafunika pua. Ndugu Justus alipopelekewa habari za harufu, alifikiri kidogo, kisha akaagiza isitajwe mpaka mgeni aondoke.

*

Mgeni rasmi alifika na Landrova mbili na mwandishi wa gazeti. Palikuwa na ngoma, palikuwa na gwaride la shule, na bomba la kwanza la kuchotea lilikuwa limevikwa utepe. Waandaaji walikuwa wamepanga hotuba itangulie na kunywa kufuate, kwa hiyo mgeni aliyasifu maji kabla hayajatoka.

"Maji haya ni matamu," alisema, "kwa sababu ni jasho lenu. Nimekunywa maji ya mijini, nimekunywa maji ya nchi za nje. Hakuna matamu kama haya ya Isengwa."

Mwandishi akaandika. Mashine ikawashwa, utepe ukakatwa, koki ikazungushwa. Bomba likakohoa, likatema hewa iliyowarudisha nyuma watoto wa gwaride, kisha likatoa maji ya rangi ya chai yenye magamba ndani yake. Ndugu Justus alikinga bilauri, akaipitishia kidole kuondoa gamba, akainama, akamkabidhi mgeni kwa mikono miwili.

Mgeni aliitazama bilauri. Akawatazama wananchi, nao wakamtazama. Kamera ikainuliwa. Akanywa.

Kooni kulionekana kitu kikipanda na kushuka. Macho yakajaa machozi. "Ameguswa," Katibu alinong'ona.

"Matamu," mgeni alisema kwa sauti nyembamba. "Wape na wenzangu."

Wenzake wakanywa, kila mmoja akimtazama mwenziwe juu ya ukingo wa bilauri. Ndugu Justus, akiwa mwenyeji, alikunywa mbili. Kijiji kikapiga makofi kwa bidii. Tangu wahamie pale hawakuwa wameona viongozi wakila walichopika.

Kisha mgeni, tabasamu likiwa bado limebandikwa usoni, akamwinamia Ndugu Justus. "Mmetia nini humu?"

Ndugu Justus alikuwa amejiandaa kwa swali hilo kuliko kwa jambo lingine lolote. Akanyoosha mkono kwenye umati.

"Ndugu mgeni rasmi, mhujumu tunaye! Anton Limbu! Ametia sumu bwawani. Nusu ya kijiji walimwona kwa macho yao."

Ni kweli walimwona. Mgambo wakamshika Anton kila mmoja mkono wake, wakamvuta mbele. Mgongo wa shati lake ulipasuka, na watoto wa gwaride wakacheka, kwa kuwa walikuwa watoto. Moyoni mwake Anton alijiona ana hatia, ingawa si ile aliyotajiwa, na hakujua namna ya kuzitenganisha mbele ya watu wengi.

Benedikta akapenya katikati ya wanawake. Alisimama hatua chache mbele ya meza, akapiga goti.

"Shikamoo, Ndugu mgeni."

"Marahaba, mama. Tuna haraka."

"Sina maneno mengi. Umetuambia maji ni matamu. Tumesikia sote, na huyu ndugu wa gazeti ameandika. Ni matamu, au tulisikia vibaya?"

Mwandishi aliinua kalamu. Mgeni akisema maji ni mabaya, basi alidanganya kwenye hotuba, akadanganya kwenye bilauri, na ushahidi uko kwenye daftari na kwenye kamera. Tumboni mwake kulisikika ngurumo ambayo hata waliokaa safu ya pili waliisikia.

"Ni matamu," alisema.

"Basi mume wangu ameharibu nini?"

Mgambo wa kushoto aliuachia mkono wa Anton bila kuambiwa. Wa kulia alimtazama wa kushoto, naye akaachia.

"Hakuna hujuma hapa," mgeni alisema upesi, ameshasimama. "Mwacheni. Nawapongeza. Endeleeni hivyo hivyo." Akaenda garini kwa mwendo ambao itifaki hairuhusu. Watu walikuwa hawajamaliza kuimba wimbo wa kuaga pale Landrova zote mbili zilipoonekana zimesimama kwenye vichaka vya kwanza, milango wazi, na hakuna mtu ndani.

Ndugu Justus alibaki peke yake kando ya bomba lililoendelea kutiririka. Akataka kusema neno, akashika tumbo, akakimbilia nyuma ya ofisi.

*

Gazeti liliandika kwamba maji ya Isengwa ni matamu. Kwa hiyo hakuna fundi aliyeletwa, hakuna dawa iliyoletwa, na mashine ikazimwa kwa kuwa hakuna aliyetaka kuchota. Ndugu Justus alipandishwa cheo, akahamishiwa ofisi ya kata, akaondoka na ng'ombe wake. Wanawake walirudi kuchimba visima vya mchanga kwenye korongo na kusubiri maji yajikusanye, kama walivyofanya kabla ya maendeleo.

Anton hakuadhibiwa na mtu. Jambo hilo lilimlemea kuliko stoo ya mbolea. Kila aliyempita alimsalimu vizuri, tena wengine walimsifu mkewe. Siku moja alifunga kitambaa puani, akaingia bwawani na kapu, akaanza kuinua mawe moja moja na kuokota kilichooza chini yake. Alitapika, akaendelea. Benedikta alimtazama kutoka ufukweni kwa muda mrefu. Kisha alimweka Imakulata kivulini, akafunga kanga kiunoni, akaingia naye.

"Shika upande huo," alisema. "Jiwe hili zito."

Hayo yalikuwa maneno yake marefu zaidi kwa mumewe tangu habari ya kinu.

Siku zilizofuata walikuja majirani wawili watatu, halafu wengine. Hakukuwa na kreti la kusimamia wala wimbo. Mawe yakarudishwa juu ya bomba, na kivuko kikazibwa kwa miba. Mwenyekiti mpya alitaka kujua nani ametoa idhini ya miba ile. Akaambiwa haijulikani, akaona ni afadhali kuacha.

Mvua za masika zikaja, bwawa likajaa, maji yakatakata. Lakini yalikuwa maji matupu. Chujio likaanza kuota majani ya kijani na kuziba, mashine ikiwashwa inanguruma bure, na mbu wakazidi.

Anton na Benedikta wakaenda kijiji cha Ziba, kwa Mabruki, mtu aliyekuwa na ruhusa ya kuvua kwenye lambo la huko. Walimlimia palizi kutwa mbili. Naye akawavulia perege wazima, majike na madume, akawatia kwenye mitungi yenye maji na majani juu yake ili wasirushwerushwe. Walirudi kwa miguu, wakipumzika kila penye maji kuwabadilishia. Kila kijiji walichopita watu walichungulia ndani ya mitungi.

"Mnauza?"

"Hatuuzi."

"Mnakwenda kula?"

"Tunakwenda kuwatia bwawani."

"Jamani! Watu wanawatoa majini, ninyi mnawarudisha!" Na kicheko kiliwafuata mpaka kwenye kona.

Baadhi ya samaki walikufa njiani. Jua lilikuwa linaelekea kuchwa walipofika ufukweni wa Isengwa na kutua mitungi. Imakulata, ambaye sasa alikuwa anajua maneno machache, alijishikilia kwenye ukingo wa mtungi, akachungulia. Samaki walikuwa wanene. Nyumbani palikuwa na unga na chumvi.

"Mboga," alisema mtoto.

Anton alimtazama mkewe. Benedikta naye alikuwa anawatazama samaki, na mate yakampita kooni, akaona mumewe ameona.

"Si leo, mwanangu," alisema.

Wakaingia majini mpaka magotini, wakainamisha mitungi polepole. Samaki walisimama kidogo pale walipomwagwa, kama wageni wasiojua mlango uko wapi, kisha mmoja akaelekea chini, kwenye mawe, na wengine wakamfuata. Anton alibaki ameinama mpaka hakuona kitu. Benedikta akausuuza mtungi wake, akaujaza maji, akaunusa kwanza, kisha akajitwika.

"Twende," alisema. "Nikaivishe ugali, nawe unieleze ile chumvi uliyosema imezidi ilikuwa wapi."